Mteremko Huanzia Gereji

Mtu akinunua Coaster au Fuso Rosa kuukuu, akang'oa viti na kuweka kitanda, jiko, friji na matangi ya maji, mazungumzo ya gereji huwa juu ya mbao, sola na rangi. Ni hivyo hivyo kwa basi la mkoani linalogeuzwa kuwa kliniki ya macho au maktaba ya kutembea. Breki huachwa kama zilivyokuja kutoka kiwandani. Ukiishia kwenye tambarare za Dodoma au Garissa, huenda usione tatizo. Utaliona siku utakaposhuka Kitonga ukitoka Iringa kuelekea Ruaha Mbuyuni, Sekenke ukitoka Iramba kwenda Igunga, barabara ya Mai Mahiu ukitokea Kimende, Lushoto ukirudi Mombo, au Bugarama ukiingia Bujumbura, ambako barabara hushuka zaidi ya mita 1,000.

Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia bondeni kwenye daraja la mto Nithi, katika barabara ya Meru kwenda Nairobi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mteremko unaoingia kwenye daraja hilo ulikwisha kujulikana kwa ajali miaka mingi kabla. Basi lako lililogeuzwa halina abiria wengi hivyo, lakini uzito wake unaweza kuwa uleule, na dereva wake mara nyingi ni mwenyewe, asiyeshuka milima kila siku.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: breki za mteremko hutafutwa kabla ya mteremko. Zinatafutwa gereji, kwenye mizani, na pale kileleni kabla ya kona ya kwanza. Ukishafika katikati, unatumia tu kile ulichokwisha kuweka akiba.

Breki hufa kwa joto

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua basi la tani 10 linaloshuka kilomita 10 kwenye mteremko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 unazokwenda unashuka mita 6. Likifika chini litakuwa limeshuka mita 600. Nishati iliyotoka ni karibu megajuli 59, joto la kuchemsha kama lita 175 za maji ya bomba. Sehemu yake itachukuliwa na upepo, matairi na injini. Inayobaki itaingia kwenye dramu na lainingi za magurudumu yako.

Sasa tazama muda. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, joto hilo lote linatoka ndani ya dakika 10. Kwa kilomita 30 linatoka kwa dakika 20: dramu zinapata nafasi ya kupoa, na injini iliyo kwenye gia nzito inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Tena ukilazimika kusimama ghafla, gari lililo kwenye 60 lina nishati ya mwendo mara nne ya lile lililo kwenye 30.

Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, ndiyo maana pedeli huzama zaidi. Lainingi zikipita kiwango chake cha joto hupoteza mshiko: unakanyaga, pedeli ni ngumu, gari halipungui. Kwenye breki za mafuta kuna hatari ya tatu, nayo ni mafuta yenyewe kuchemka. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, basi pedeli inakwenda hadi sakafuni bila kusukuma kitu. Baada ya gari kupoa pedeli hurudi kama kawaida, fundi anajaribu uani na kusema breki ni nzima. Usikubali jibu hilo. Mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, na kabla ya hapo kama pedeli iliwahi kuzama mlimani.

Pima uzito kabla ya kupaka rangi

Lipime basi likiwa tupu, kisha lipime tena baada ya kumaliza kazi, likiwa na maji, gesi, dizeli, vifaa na watu wote. Mizani nzuri hukuonyesha uzito wa kila ekseli, na hilo ndilo unalolitaka.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne. Hicho ni kipimo cha kulinda lami. Kipimo cha kulinda breki zako kipo kwenye kibati cha mtengenezaji, na kwa basi dogo kiko chini sana ya hapo. Ukipita mizani bila faini, bado hujajua kama breki zinatosha. Linganisha tiketi ya mizani na kibati.

Abiria 25 wa kilo 70 ni kilo 1,750. Fundi atakwambia, "Umetoa watu wote hao na viti vyao, weka unachotaka." Lakini lita 500 za maji ni nusu tani, na bado hujahesabu betri, jenereta, sakafu ya marumaru, makabati ya mbao ngumu na mizigo ya juu ya paa. Isitoshe abiria hushuka kituoni. Kabati halishuki, na basi lako litakuwa limejaa kila siku ya maisha yake.

Mahali pa uzito pana maana sawa na kiasi chake. Tangi likifungwa nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua ya gari na kuyapunguzia uzito magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoshika zaidi unapofunga breki na ndiyo yanayokata kona. Lifunge chini, katikati ya ekseli mbili, na ndani yake kuwe na vigawanyo ili maji yasikimbie mbele na nyuma. Kabla ya mteremko mrefu, mwaga maji yote usiyoyahitaji. Utayapata mengine bondeni.

Mabadiliko manne yanayodhoofisha breki bila kuzigusa

*Matairi makubwa.* Wengi huyapenda kwa ajili ya njia mbovu. Tairi likizidi lile la kiwandani kwa asilimia 10, nguvu ya breki inayofika barabarani hupungua kwa karibu asilimia 9, na spidomita itakuonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda.

*Difu ya mbio.* Ukibadilisha difu ili gari likimbie vizuri kwenye tambarare, kila gia inakuwa nyepesi. Gia iliyokuwa ikikushikilia kwenye 30 sasa itakushikilia kwenye mwendo mkubwa zaidi.

*Upepo wa bure.* Kwenye basi la breki za upepo, mafundi hupenda kuunganisha honi, mlango au vifaa vingine moja kwa moja kwenye matangi ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, upepo wa breki unaondoka nao. Kifaa chochote cha ziada kiwe na tangi lake, na kati yake na mfumo wa breki kuwe na vali ya ulinzi inayofunga upepo wa breki unapopungua.

*Breki ya ekzosi iliyotolewa.* Vali yake ikiganda kwa masizi, huondolewa na bomba likaunganishwa. Gari linapumua, sauti inapendeza, na mwenye gari anarudi nyumbani akiwa amepoteza breki pekee isiyochosha lainingi. Ukinunua basi kuukuu, bonyeza swichi yake na uhakikishe inafanya kazi. Kama haipo, irudishe kabla ya kununua friji.

Baada ya hayo, fungua magurudumu yote. Lainingi za ekseli moja ziwe za aina moja na unene mmoja. Sili ya habu ikivuja grisi juu ya lainingi, gurudumu hilo halifungi na wenzake wanaungua kwa niaba yake. Kwenye breki za upepo, pima mkono unaotoka kwenye chemba ukikanyaga kwa nguvu huku geji ikiwa psi 90 hadi 100. Kwa chemba ya kawaida ya aina ya 30, usizidi milimita 51. Hapo dramu ni baridi. Ikipata moto na kutanuka, mkono utatoka zaidi, na ukifika mwisho wa chemba hakuna kinachobaki. Kama slaki zako (vikazio vya breki) ni za kujikaza zenyewe na bado vipimo vimezidi, usizikaze kwa spana ukaondoka: kuna kitu kimekufa, kitafutwe.

Toa maji kwenye matangi ya upepo kila siku. Na kwa kuwa umebadili matumizi ya gari, rekebisha pia nyaraka: kadi isome kile kilicho barabarani, ili ukaguzi na bima viwe vya gari hilo na si la zamani.

Kileleni: dakika tano za kusimama

Kabla ya mteremko mrefu, simama mahali palipo sawa na fanya yafuatayo.

1. Zunguka gari. Gusa hewa karibu na kila habu. Gurudumu lililo na moto kuliko wenzake kabla hujaanza kushuka lina breki inayoburuza.
2. Kwa breki za mafuta, kanyaga pedeli na uishikilie. Ikizama polepole, hushuki.
3. Kwa breki za upepo, jaza mpaka kompresa ikate, zima injini, achia breki na tazama geji dakika moja: isipungue zaidi ya psi 2. Kanyaga na ushikilie dakika nyingine: isipungue zaidi ya psi 3. Kisha kanyaga na kuachia mara kadhaa. Onyo la upepo mdogo lilie kabla geji haijashuka chini ya psi 60. Washa injini, jaza tena.
4. Funga kila kitu ndani: mitungi ya gesi imefungwa koki na mkanda, friji, droo, masanduku. Watu wote wakae vitini na mikanda. Hakuna anayepika wala kulala kitandani gari linaposhuka.
5. Msaidizi wako, mwite utingo au taniboi, awe na vigingi viwili vizito karibu na mlango.
6. Chagua gia na mwendo wako sasa.

Hiyo ya sita ndiyo uamuzi mkubwa. Madereva wetu walifundishwa kuwa gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kanuni hiyo ilitungwa enzi za injini dhaifu. Injini ya leo yenye turbo hukwea mlima kwa gia nyepesi, na ukishuka kwa gia hiyohiyo mwendo utakuzidi. Anza na gia moja nzito kuliko hiyo. Gia sahihi ni ile inayolishikilia gari kwenye mwendo uliouchagua huku ukigusa breki mara mojamoja. Ukijikuta unakanyaga kila baada ya sekunde chache, umeanza na gia nyepesi mno.

Kwenye giaboksi ya otomatiki usiache D. Weka 2 au L kabla ya kuanza kushuka. Wasomaji walioko Marekani, ambako mabasi ya njano ya shule hugeuzwa nyumba, waangalie kibati cha giaboksi. Allison AT545, iliyofungwa kwenye mabasi mengi ya zamani, haina kifungio ndani ya torque converter, kwa hiyo injini husaidia kidogo sana kushikilia gari. Mwenye giaboksi hiyo ashuke taratibu zaidi na asimame kupoza breki mara nyingi zaidi.

Ukiwa unashuka

Ingia kwenye mteremko ukiwa tayari katika gia yako na mwendo wako. Washa breki ya ekzosi mapema. Hufanya kazi vizuri zaidi mizunguko ya injini inapokuwa juu, lakini mshale usiingie eneo jekundu.

Kisha tumia breki kwa vipindi. Tuseme mwendo wako wa usalama ni 40. Spidomita ikifika 40, kanyaga kwa uthabiti kiasi cha kuhisi gari linapungua, kwa sekunde kama 3, hadi 32 hivi. Achia kabisa. Liache lirudi 40, rudia. Usiweke mguu juu ya pedeli njia nzima ukidhani unakuwa mwangalifu: breki inayobanwa kidogo bila kupumzika haipoi, na gurudumu lenye breki iliyokazwa kuliko mengine ndilo litakalobeba mzigo wote. Kwenye breki za upepo usipampu harakaharaka, maana kila unapoachia unamwaga upepo ambao kompresa inahitaji muda kuurudisha.

Usishuke nyutro hata mita 50. Wapo wanaosema inaokoa mafuta, lakini dizeli iliyo kwenye gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, hukata dizeli yenyewe. Ni ukiwa nyutro ndipo injini inapohitaji dizeli ili isizimike. Usizime injini pia. Nguvu ya busta, usukani na kompresa vyote hutoka kwake.

Mwendo ukishakuzidi, usikimbilie kubadili gia. Tumia breki kwanza upunguze kabisa, ndipo uingize gia nzito. Ukikanyaga klachi mwendo ukiwa mkubwa, gia inaweza kukataa kuingia, ukabaki nyutro mlimani.

Malori yatakupigia honi. Wapishe panapopishika. Kilomita 80 zinazoruhusiwa kwa mabasi na magari mazito ni za barabara iliyonyooka na kavu. Kitonga si mahali pa kuzidai.

Breki zikianza kuchoka

Harufu ya kuungua, moshi kwenye gurudumu, pedeli inayozama zaidi kuliko kona iliyopita, au kulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi kupata matokeo yaleyale: mojawapo ya hayo inatosha. Usisubiri ya pili. Tumia breki zilizobaki kusimama kabisa, mahali pa kwanza palipo salama.

Ukisimama, weka gia, na msaidizi aweke vigingi. Kama vigingi vinashikilia gari vizuri, usiikaze breki ya mkono dhidi ya dramu zenye moto, kwa kuwa dramu inaweza kupinda inapopoa. Usimwage maji juu ya magurudumu. Chuma kinaweza kupasuka. Weka pembetatu za tahadhari, watu watoke upande wa mbali na barabara, na kizimamoto kiwe mkononi, kwa sababu joto la dramu huweza kuwasha tairi dakika kadhaa baada ya gari kusimama. Ngoja nusu saa au zaidi. Unapoanza tena, shuka kwa gia nzito zaidi ya ile ya awali. Kama breki ni za mafuta na pedeli ilizama, usiendelee hata kama imerudi. Ita fundi.

Zikikata kabisa

Sekunde za kwanza ndizo zenye thamani, wakati mwendo bado mdogo. Washa taa za hatari, shikilia honi, tumia breki ya ekzosi. Kwenye breki za mafuta, pampu pedeli harakaharaka. Wakati mwingine hupata mshiko. Jaribu gia nzito kama mizunguko ya injini inaruhusu. Vuta breki ya mkono kidogokidogo kama ni ya waya. Kwenye mfumo wa upepo, breki za springi hujifunga zenyewe upepo ukishuka hadi kati ya psi 45 na 20, na zinaweza kufunga magurudumu ya nyuma ghafla, kwa hiyo shika usukani sawasawa.

Mara nyingi barabarani kwetu hakuna njia ya mchanga ya kuokolea gari, hivyo tafuta yako: barabara ya kando inayopanda, kichaka, mtaro, au ukuta wa udongo. Daima upande wa mlima, kamwe upande wa bonde. Kusugua ubavu wa basi kwenye ukingo kwa mwendo wa 40 kutakugharimu bodi. Kungoja kona inayofuata ukiwa kwenye 90 kutagharimu watu.

Kadi ya dashibodi

Ukifika chini salama, usiondoke mara moja. Zunguka tena gari na ulinganishe joto la magurudumu. Kipimajoto kidogo cha kuelekeza kwa mkono kinatosha. Gurudumu lenye moto mwingi kuliko la upande wa pili linaburuza. Lililo baridi kabisa halifungi, na hilo ndilo linalosahaulika.

Kisha andika. Tengeneza kadi ya kubandika karibu na usukani, na kwa kila mteremko unaoupita weka mambo manne: jina la mteremko na unapoanzia, gia ya kuingilia, mwendo wa juu usiouvuka, na mahali pa kusimama katikati. Mtu mwingine akiendesha basi lako, mkabidhi kadi pamoja na ufunguo, na usimpe saa ya kufika. Dereva anayejua anangojwa saa kumi na moja kamili ndiye anayeingia mlimani na gia nyepesi.